Wakala Mmoja, Viwanda Viwili: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magari ya Zimamoto

SWALI: Kampuni yetu iko Eneo la Viwanda na inatafuta gari la zimamoto la lita 6,000. Wakala mmoja wa hapa Nairobi ametuletea bei mbili, za viwanda viwili vinavyoshindana, akasema tuchague. Tumwamini?
– Afisa wa ununuzi

JIBU: Kuwakilisha viwanda viwili peke yake si kosa. Soko la magari haya ni dogo, na wakala anaweza kuchukua pampu kwa huyu na ngazi ndefu kwa yule. Mashaka yanaanza pale vyote viwili vinapouza gari la kazi ile ile. Bei hizo msizihesabu kuwa ushindani: faida ya zote mbili kaipanga mtu mmoja, na ni rahisi kupandisha moja ili nyingine ionekane nafuu. Tafuteni bei ya tatu kwa asiyehusiana naye.

Kisha dai barua ya idhini ya kila kiwanda. Itaje nchi, muda, na kama wakala ameruhusiwa kuuza tu au pia kutengeneza na kuweka vipuri. Kiandikieni kiwanda kupitia anwani mliyoitafuta wenyewe, si iliyo kwenye barua, mkiulize kama kinajua wakala wake anauza pia magari ya mshindani wake. Mkataba wa uwakala ukiwa na kifungu cha kutouza bidhaa za wapinzani, anaweza kuvuliwa uwakala baada ya nyinyi kulipa. Hapo ndipo penye uchungu: programu ya kusoma hitilafu za mifumo ya umeme ya gari huhitaji leseni ya kiwanda, na leseni ikikatwa fundi wa wakala hana la kufanya.

Chunguzeni pia kama hao ni washindani kweli. Marekani, kampuni za magari ya zimamoto E-ONE na Ferrara zilikuja kuwa chini ya mwenye mali mmoja, REV Group, mwaka 2017. Halafu majina mawili tofauti yanaweza kubeba pampu ile ile, tuseme Godiva ya Uingereza. Kwa hiyo bei itenganishe chasisi, pampu na bodi, kila kimoja na modeli yake, lakini dhamana iwe moja, yenye saini ya wakala. La sivyo pampu ikivuja, watengenezaji wa vitu hivyo vitatu watarushiana lawama.

Vipimo msimwachie wakala awaandikie. Taja kazi: pampu FPN 10-2000 ya kiwango cha Ulaya EN 1028, yaani lita 2,000 kwa dakika kwa shinikizo la baa 10, ikivuta maji kutoka kina cha mita 3. Taja viungo vya mipira mliyo nayo. Gari la Kijerumani likija na viungo vya aina ya Storz, mipira ya viungo vya Kiingereza haishiki bila adapta. Jaribio la kupokea gari lifanyike hapa hapa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake inaweza kuinua maji takriban mita 8.3 tu hata kinadharia, si 10.3 kama pwani. Ombwe (mvuto wa pampu unaopandisha maji) la baa 0.8, ambalo pwani ni jambo la kawaida, hapa karibu halifikiki. Anayewaahidi hilo bila kusita hajapima pampu Nairobi.

SWALI: Je, wakala huyo anaweza kupeleka zabuni mbili serikalini, moja kwa kila kiwanda?

JIBU: Hapana. Hati za kawaida za zabuni humruhusu mzabuni kuleta zabuni moja; toleo mbadala hukubaliwa pale tu hati yenyewe inaporuhusu. Akisajili kampuni ya pili ili aingie mara mbili, kuna fomu ya kuthibitisha kwamba bei haikupangwa kwa kushirikiana na mshindani, na kula njama katika zabuni kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2010. CR12, yaani hati za Msajili wa Kampuni, za kampuni zote mbili huonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kwa hiyo kamati ya tathmini izilinganishe kabla ya kulinganisha bei.