Tushirikisheni Kabla Swali la Utafiti Halijaandikwa

Nimeishi na sonona kwa miaka mingi, na kwa muda sasa nimekuwa nikishirikiana na watafiti wa afya ya akili kama mshauri aliyeupitia ugonjwa wenyewe. Jambo ninalowasisitizia zaidi watafiti ni kutushirikisha kabla swali la utafiti halijaandikwa, kwa sababu mgonjwa anayeitwa wakati dodoso limekwisha kuchapwa na bajeti imekwisha kupitishwa hubaki na kazi ya kusahihisha maneno tu.

Anayeuliza swali huathiri jibu analopata. Mwaka 2003, Diana Rose na wenzake wa London walichapisha katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, mapitio ya tafiti kuhusu matibabu ya mshtuko wa umeme, yaani mgonjwa wa akili kupitishiwa umeme kichwani. Tafiti za madaktari zilionyesha kuridhika kukubwa kuliko zile zilizoongozwa na wagonjwa au kufanywa kwa kushirikiana nao, ilhali angalau theluthi moja ya waliotibiwa walisema kumbukumbu zao zilipotea na hazikurudi. Madaktari wengi walikuwa wameuliza mapema mno, hospitalini, kwa maswali machache. Na mgonjwa ambaye bado yumo mikononi mwa daktari ni nadra kumlalamikia ana kwa ana. Mtu aliyewahi kulazwa angeliona hilo mara moja.

Malipo ya mgonjwa mnayemshirikisha yaandikwe katika bajeti tangu mwanzo, kwani kila mwingine katika vikao vya utafiti analipwa. Alikeni zaidi ya mtu mmoja, maana hakuna awezaye kuwasemea wagonjwa wote.

Lililo gumu zaidi ni hali ya mwenzenu kubadilika kazi ikiendelea. Zungumzeni naye akiwa mzima: dalili zake za mwanzo ni zipi, angependa nani ajulishwe, na ni kazi gani ipunguzwe au isubiri. Nafasi yake ihifadhiwe hadi atakaporejea. Nimeona watu wakiondolewa kimyakimya kwa kisingizio cha kuwahurumia, na huruma ya namna hiyo inaumiza kuliko ugonjwa.

Nawe uliyeugua, amua kabla ya kikao ni sehemu gani ya maisha yako hutaisimulia, kwa kuwa hulazimiki kufungua kila kidonda ili uaminiwe. Omba kuisoma rasimu ya ripoti kabla haijachapishwa, na ikiwa mchango wako umeijenga kazi hiyo, dai jina lako liandikwe miongoni mwa waandishi.