Kunakili Vermeer kwa Rangi za Mafuta

SWALI: Ndugu Mhariri, kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka, na sasa najifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Nimenakili ile picha ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ya msichana mwenye hereni ya lulu, lakini uso umetoka bapa kama kinyago na ngozi imekuwa na rangi ya tope. Je, nilikosea kuchagua picha, au kunakili kwenyewe ndiko kusikofaa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ulichagua vizuri, ingawa wepesi wa picha hiyo ni wa kudanganya. Ilichorwa mnamo mwaka 1665 hivi, ina urefu wa sentimita 44.5 na upana wa sentimita 39 tu, na imehifadhiwa katika makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, Uholanzi.

Nadhani ubapa unatokana na mazoea ya mabango, ambako umbo huzungushiwa mstari kwanza ndipo lijazwe rangi. Itazame tena pua ya msichana huyo: upande unaopokea mwanga hauna mstari wowote unaoitenga na shavu, bali rangi mbili zimeyeyukiana, na jicho la mtazamaji ndilo linaloukamilisha ukingo. Hata ile lulu ni doa zito jeupe upande wa juu na mwako hafifu wa ukosi wa nguo yake upande wa chini, wala hakuna kishikizo kilichochorwa cha kuining'iniza sikioni.

Kuhusu tope, nashuku ulitafuta mwanga, kivuli na rangi ya ngozi kwa wakati mmoja, ukatia nyeusi penye vivuli na kuisugua juu ya rangi mbichi. Vermeer alianza kwa kupanga picha yake kwa kahawia na nyeusi, kisha akajenga rangi juu yake. Nawe anza kwa rangi ya udongo ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, ambayo hukauka upesi, na usiiguse rangi ya ngozi mpaka uso usomeke kwa mwanga na giza peke yake. Hatua hii ndiyo inayowachosha wanafunzi wengi, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Tabaka zinazofuata ziongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo, kwa sababu tabaka la juu likiwa na mafuta machache kuliko la chini, picha huweza kupasuka baadaye.

Jambo moja lisikutatize: giza lililo nyuma ya msichana lilikuwa pazia la kijani, ambalo rangi zake za mimea zimefifia na kubadilika kwa karne nyingi. Kwa mwanafunzi, naona heri kunakili giza hilo kama lilivyo leo, maana ndilo utakalolitumia kupimia mwanga wa uso.

Kunakili si wizi, kwani Vermeer alifariki mwaka 1675, hivyo picha yake haina hakimiliki, na wachoraji huruhusiwa kunakili hata ndani ya makumbusho ya Louvre mjini Paris, mradi nakala iwe kubwa au ndogo kuliko picha yenyewe. Nyuma ya kazi yako andika jina lako na neno "nakala", wala usiige saini yake. Vanishi ipake baada ya miezi sita au zaidi, rangi ikiwa imekauka vizuri.