Mdogo wangu, kabla ya kupiga Windows kwenye mashine mpya

Kompyuta uliyoiunga ikiwaka kwa mara ya kwanza, mkono unawasha kuchomeka flashi ya Windows. Subiri. Ingia BIOS kwanza, ile programu ya ndani ya mashine inayowaka kabla ya Windows, uone kama RAM yote inasomeka na diski ipo. Windows 11 inataka UEFI (BIOS ya kisasa), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (sehemu ya kutunza funguo za siri), hiyo TPM kwenye BIOS ya Intel utaikuta kwa jina la PTT, kwenye AMD ni fTPM. Iwashe hapo hapo.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Faili la Windows linazidi GB 5, ni bando la kutosha, ndiyo maana hapa Tabora vijana wengi wanarushiana yale yaliyokwisha "kukrakiwa". Naomba sana usimpigie mteja kitu hicho. Huwezi kujua kimefichwa nini ndani, na yeye ataingiza humo nywila zake zote. Shusha kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Windows 10 iache, huduma yake ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa diski, na hapa nisikilize vizuri. Mteja wa Isevya au Kanyenye anakuletea SSD mpya pamoja na diski ya zamani yenye picha za harusi na za marehemu mama yake. Kwenye kusakinisha, Windows haikuonyeshi picha. Inakuonyesha Disk 0 na Disk 1 tu, na ukifuta partisheni (kipande cha diski) isiyo sahihi, picha zimekwenda. Chomoa waya wa diski ya zamani kabla hujaanza. Kuna sababu nyingine pia: zikiwa zote mbili, Windows inaweza kuweka partisheni ya kuwashia kwenye ile ya zamani, na siku ikitolewa mashine haiwaki.

BIOS inaiona SSD lakini Windows haiioni? Usiseme imekufa. Kwenye baadhi ya mazabodi za Intel kinachokosekana ni draiva ya VMD, yaani programu ndogo inayoifanya Windows iione diski hiyo. Iweke kwenye flashi mapema.

Wi-Fi nayo mara nyingi haisomi mwanzoni, na Windows 11 inadai intaneti. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushea intaneti.

Kuapdeti BIOS mawingu yakiwa yametanda, bila UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), usithubutu.

Ukimaliza, zima, rudisha waya wa ile diski, washa, na ufungue picha kadhaa mwenyewe akiona, ndipo upokee hela.