Kwa nini mpira wa Wiffle una matundu upande mmoja tu

Matundu yale 8 marefu yamewekwa kwenye nusu moja ya mpira huu mwepesi wa plastiki, unaorushwa na kupigwa kwa gongo kama wa besiboli, ili hewa isipite kwa usawa pande zote mbili, na hivyo mpira upinde njiani hewani hata ukirushwa na mtoto asiye na nguvu. Hilo ndilo alilolitafuta David N. Mullany mwaka 1953 huko Connecticut, Marekani, alipomwona mwanawe wa miaka 12 akiumwa mkono kwa kujaribu kuupindisha mpira mdogo wa plastiki uani. Alichukua mipira ya plastiki, akaitoboa kwa wembe kwa mitindo mbalimbali, wakaijaribu. Ukitaka ubadili mwelekeo, geuza matundu unapoushika. Uliokwaruzika usiutupe, kwani kwa maoni yangu huo ndio unaomsumbua zaidi mpigaji.