Concorde haikuvuka kasi ya sauti juu ya London

Unasema kelele za Concorde, ile ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, zilitokana na kuvuka kasi ya sauti juu ya London. Hapana kaka, haikuwa ikivuka kasi hiyo juu ya London. Ilisubiri ifike baharini ndipo iongeze mwendo, mpaka kama mara mbili ya kasi ya sauti, ikafika New York kwa saa tatu na nusu hivi. Kelele tulizozisikia sisi wa Hounslow, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, zilikuwa za injini zenyewe, Olympus 593 nne. Wakati wa kuruka, mafuta ya ziada yalinyunyiziwa nyuma ya injini na kuwaka. Jioni uliona ndimi za moto kabisa. Vioo vinatetemeka, kengele za magari zinalia zenyewe, na ukiwa unaongea na mama Mombasa (kadi za simu za enzi zile, dakika zinakatika!) inabidi unyamaze kwanza ipite.

Ikija kutua ndiyo ilikuwa raha kuitazama: pua imeinamishwa ili rubani aone njia, shingo ndefu kama korongo. Siku ya mwisho ya abiria, 24 Oktoba 2003, zilitua tatu Heathrow, moja baada ya nyingine. Majirani waliokuwa wakilalamikia kelele miaka yote nao walitoka nje na kamera.