Je, kumwondolea baba mashine ni kumuua?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Baba yetu alipigwa na kiharusi, yuko ICU hapa Nairobi, anapumuliwa na mashine. Madaktari wanasema ubongo umekufa na wanashauri mashine itolewe. Kaka yetu aliye Dubai amekataa katakata, anasema huko ni kuua. Bili inapanda na harambee imekauka. Tufanyeje? (Dada wa South C)

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Allah awape subira.

Kwanza mrudieni daktari mumuulize waziwazi: ni ubongo wote umekufa, au mzee yuko kwenye koma, yaani amepoteza fahamu lakini ubongo haujafa wote? Familia nyingi huyachanganya haya mawili, na hukumu zake ni mbali mbali.

Ikiwa ubongo wote umekufa, Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria ya Kiislamu) lilitoa uamuzi Amman mwaka 1986: kazi zote za ubongo zikisimama, mabingwa wakathibitisha kuwa hazirudi tena na ubongo umeanza kuoza, yafaa kuondoa mashine hata kama moyo bado unapiga kwa msaada wake. Basi huko si kuua. Kuua ni sindano ya kummaliza mgonjwa aliye hai, na hiyo ni haramu hata ikiitwa huruma.

Ikiwa ni koma, msiharakishe. Hata hapo, wanazuoni wengi hawakuifanya tiba kuwa wajibu pale isipotarajiwa kufaa. Ila kumlisha, kumsafisha na kumtuliza maumivu haviachwi.

Bili msiionee haya. Ni deni la mzee, na deni hutolewa katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Lakini isiwe ndiyo inayoamua kama yu hai au amekufa. Hilo ni la madaktari. Wala anayetuma pesa nyingi hana kauli kubwa kuliko mama yenu aliyekaa pale kitandani. Kaka yenu mpigieni simu ya video daktari akiwepo, aulize mwenyewe. Nimeona ugomvi wa namna hii ukiisha kwa dakika chache, maana aliye mbali husikia habari nusu nusu.

Mkishaitoa mashine, msitume watu Kariokor kuchimba kaburi mpaka pumzi na moyo visimame. Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1987, liliruhusu kuiondoa lakini halikuhukumu kifo kabla ya hapo. Kwa kauli hiyo, eda ya mama, yaani muda wa mjane kungoja kabla ya kuolewa tena, miezi 4 na siku 10, mwihesabu tangu moyo uliposimama, si tangu siku daktari alipowaita ofisini.