Kiwanja usiuze

Usiuze kiwanja chako. Umeuliza mawili, ubatizo wa utotoni na hiyo "sadaka ya ukombozi" uliyoambiwa ukiuze uitoe, ndipo Mungu akuhesabie haki tena, yaani akuone huna hatia, baada ya kuanguka dhambini. Nashika hili la pili, linaniuma.

Mtumishi mmoja aliniambia maneno hayo hayo. Kwanza kufunga kavu, bila chakula wala maji, kisha mikesha, kisha sadaka "inayouma". Cherehani iliyolisha wanangu ikaenda. Lakini cherehani hununuliwa nyingine. Kilichoniumiza ni daftari. Alitufundisha kuandika kushoto dhambi za siku, kulia saa za maombi na kiasi ulichotoa. Jumamosi usiku najumlisha, na kushoto hakukuisha kamwe. Nikimfokea mtoto mara moja, wiki nzima imekwenda na maji. Ikifika Jumapili ya Chakula cha Bwana, wenzangu wananipita kwenda mezani, mimi nimeinama kwenye benchi nasubiri hesabu ikae sawa. Mama yangu alifariki akiamini nimeiacha imani.

Nikilalamika sina amani, jibu ni kwamba sijatoa kwa moyo. Anayeshika Biblia akamuuzia maskini kile ambacho Kristo alishakilipia msalabani ni mwizi, hata akinena kwa lugha. Biashara ya namna hiyo, kuuza vyeti vya msamaha, ndiyo iliyomfanya Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, aandike hoja zake 95 mwaka 1517.

Sasa shika hili: ukipewa sharti lolote, uliza kama Ibrahimu alikuwa amelitimiza katika Mwanzo 15. Mstari wa 6: "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Hapo hajatahiriwa. Tohara iko sura ya 17, ana miaka 99, na Ishmaeli, ambaye sura ya 15 hata hajazaliwa, ana 13. Torati ya Musa bado kabisa. Paulo anang'ang'ania mpangilio huo huo katika Warumi 4, tena anasema afanyaye kazi hulipwa ujira kama deni, si neema.

Watakurushia Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Rudi mstari wa 21 uone anazungumzia Ibrahimu kumtoa Isaka madhabahuni, yaani Mwanzo 22, wakati Ibrahimu alishahesabiwa haki zamani. Matendo yalikuja nyuma ya imani, na yalikuja kweli.

Ulichokosea mwambie Mungu leo, kwa jina la Yesu. Uliyemkosea mfuate mkapatane. Jumapili meza ikiandaliwa usibaki kwenye benchi, inuka ukale.